Kifafa cha mimba Fizi: hatari huanza kabla tumbo halijaonekana

Mjamzito akishikwa na kifafa usiku katika kijiji cha rasi ya Ubwari, hospitali iko ng'ambo ya maji. Ndugu zake watatafuta mtumbwi wenye injini, watatafuta mafuta, watangoja upepo wa Tanganyika utulie, ndipo wavuke kuelekea Baraka. Akiwa upande wa milimani, atabebwa kwa kipoyi mabegani mwa wanaume wanaopokezana njia nzima. Akiwa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, atapakiwa kwenye pikipiki na mtu wa kumshikilia nyuma yake, na ikiwa mvua imenyesha, Barabara ya Taifa namba 5 ndiyo itakayoamua afike saa ngapi.

Safari zote tatu huanza mgonjwa akiwa amekwisha kuzidiwa. Nyumbani watu husema ugonjwa umeingia usiku uleule, kwa kuwa jana walimwona shambani mzima kabisa. Wapo watakaonong'ona kwamba ametupiwa kitu. Lakini kama damu yake ingalisomwa kwa mitambo iliyopo leo duniani, ingaliwaambia kwamba jambo hili lilianza wiki nyingi nyuma, wakati tumbo lenyewe halijatokeza hata kwa mwenye macho makali.

Jinsi damu ya mama inavyoweza kutoa habari hizo ni moja ya hadithi nzuri za sayansi ya miaka 30 iliyopita. Na kwa eneo la Fizi, huko Kivu Kusini, ina somo ambalo halingoji mashine yoyote.

Plazima iliyochemshwa dakika tano

Kwa miaka mingi watafiti walijua kwamba seli chache za mtoto hupenya na kuingia katika damu ya mama. Walizisaka ili wapate habari za mtoto bila kumchoma mama sindano ya tumboni, lakini zilikuwa haba mno. Daktari mmoja kijana kutoka Hong Kong, Dennis Lo, aliyekuwa akisoma na kufanya kazi Oxford, Uingereza, alihangaika nazo karibu miaka minane bila mafanikio ya maana.

Mwaka 1996 zilitoka taarifa mbili za kitabibu zilizoonyesha kwamba mgonjwa wa saratani huwa na DNA ya uvimbe wake ikielea katika plazima, yale maji ya rangi ya manjano yanayobaki chembe za damu zikitolewa. Lo akajiuliza: ikiwa uvimbe mdogo huacha alama katika damu, mtoto anayekua hadi kilo tatu atakosaje kuacha? Maabara nyingi zilikuwa zikitunza chembe na kuimwaga plazima. Yeye akaikamata plazima.

Namna ya kuitoa DNA humo hakuwa nayo. Amesimulia mara nyingi kwamba alikumbuka tambi za paketi alizokuwa akijipikia enzi za uanafunzi, akaamua kuichemsha plazima kwa dakika tano na kuchukua majimaji yaliyobaki. Kisha akatafuta kromosomu Y, ambayo mwanamke hana. Ikionekana ndani ya damu yake, haiwezi kuwa imetoka kwingine ila kwa mtoto wa kiume aliye tumboni. Kati ya wajawazito 30 waliobeba watoto wa kiume, ilionekana katika plazima ya 24. Kati ya 13 waliobeba watoto wa kike, haikuonekana hata kwa mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Agosti 1997.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya DNA hiyo haitoki mwilini mwa mtoto mwenyewe. Hutoka kwenye kondo la nyuma, ambalo kwa kuwa limetokana na mimba ileile, hubeba vinasaba vilevile. Kuanzia wiki ya 10 hivi, takriban sehemu moja katika kumi ya DNA inayoelea katika plazima ya mama ni ya kondo. Na haikai. Mtoto akishazaliwa na kondo likatoka, nusu ya DNA hiyo hutoweka kila baada ya dakika 16 hivi, na baada ya saa chache haionekani tena. Kwa hiyo anayeipima hasomi habari za mwezi uliopita. Anasoma hali ya kondo ya leo.

Kondo linapokosa hewa

Hapo ndipo madaktari wa uzazi walipotega sikio, kwa sababu kifafa cha mimba ni ugonjwa wa kondo kabla ya kuwa ugonjwa wa mama.

Mimba inapojipandikiza, seli za kondo huingia katika ukuta wa mji wa mimba na kuitanua mishipa ya damu ya mama, kama wakulima wanavyopanua mfereji ili maji yafike shamba la chini. Kazi hiyo hufanyika katika miezi ya mwanzo na hufikia ukingoni karibu na wiki ya 20. Ikifanyika nusunusu, mishipa hubaki myembamba. Mtoto akizidi kukua na kudai damu zaidi, kondo hukosa hewa ya kutosha, seli zake hufa kwa wingi, na mabaki yake huingia katika mzunguko wa damu ya mama. Pamoja na mabaki hayo, kondo humwaga protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa vichocheo vinavyoitunza mishipa ya mama; timu ya Ananth Karumanchi huko Boston, Marekani, iliieleza kazi yake mwaka 2003. Kuanzia hapo mishipa ya mwili mzima huanza kuumia na kubana. Presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo, ini huumia, ubongo huvimba, na mwishowe mama huanguka kifafa.

Mganga Mjerumani, Georg Schmorl, alikwisha kuona kitu hicho mwaka 1893, alipokuta seli za kondo ndani ya mapafu ya wanawake waliokufa kwa kifafa cha mimba. Ilichukua zaidi ya miaka 100 mpaka ikapatikana njia ya kuupima umwagikaji huo kwa mwanamke aliye hai.

Mwaka 1998 kundi la Lo huko Hong Kong liliripoti kwamba DNA ya mtoto huwa nyingi zaidi kwa wanawake wenye uchungu wa kabla ya siku. Mwaka uliofuata wakawalinganisha wanawake 20 wenye presha ya mimba iliyoambatana na protini kwenye mkojo na wengine 20 wazima wenye mimba za umri uleule. Kiasi cha kati cha DNA ya mtoto kilikuwa mara tano kwa wale wagonjwa. Na mwaka 2004 timu ya Richard Levine, Marekani, ikapima damu iliyokuwa imehifadhiwa ya wanawake ambao baadaye waliugua. Iliona DNA ikipanda kwa ngazi mbili: ngazi ya kwanza kati ya wiki ya 17 na ya 28, wakati mama hana dalili yoyote, na ya pili kiasi cha wiki tatu kabla ugonjwa haujajitokeza.

Wiki tatu. Kwa mama wa Ubwari, wiki tatu ni muda wa kuvuka ziwa mchana, maji yakiwa shwari, akiwa ameketi na kikapu chake.

Kipimo kilichokwama mlangoni

Msomaji atauliza: ikiwa hayo yalijulikana mwaka 2004, mbona hata hospitali kubwa za Nairobi au Dar es Salaam hazimpimi kila mjamzito DNA ili kubashiri kifafa?

Sababu ya kwanza ilikuwa ya kijinsia. Kipimo cha kromosomu Y kinafaa kwa mimba za watoto wa kiume tu, na nusu ya akina mama wanabaki nje. Hilo lilipatiwa ufumbuzi mwaka 2005 na 2006, watafiti walipogundua kwamba baadhi ya jeni za kondo huwa na alama za kikemia ambazo zilezile katika damu ya mama hazina, kwa hiyo zinatambulika bila kujali mtoto ni wa jinsia gani. Sababu ya pili ni ngumu zaidi. Wastani wa makundi mawili unaweza kutofautiana sana, lakini mtu mmoja mmoja hakai kwenye wastani. Wako wenye DNA nyingi wasiougua, na wako wenye kidogo wanaougua. Uzito wa mama huivuruga hesabu, na umri wa mimba pia. Daktari hawezi kumwambia mwanamke aliye mbele yake "utaugua" kwa kutegemea namba hiyo peke yake.

Sababu ya tatu ni kwamba walijitokeza washindani wenye nguvu. Uwiano wa sFlt-1 na protini nyingine ya kondo, PlGF, ulionyesha mwaka 2016 kwamba ukiwa 38 au chini yake, mama anayeshukiwa ana uwezekano mdogo sana wa kuugua katika wiki moja inayofuata. Marekani iliidhinisha kipimo cha aina hiyo mwaka 2023 kwa wajawazito waliolazwa kwa presha. DNA ya mtoto yenyewe ilipata soko kwingine: tangu 2011 inatumika kuchunguza iwapo mtoto ana kromosomu ya ziada, na kazi hiyo ndiyo iliyompa Lo tuzo ya Lasker mwaka 2022.

Juu ya hayo yote kuna ukweli mmoja ambao kila mkunga anaujua. Hakuna dawa ya kulirudisha nyuma kondo lililoharibika. Ugonjwa humalizwa na kuzaa. Kwa hiyo kipimo, kiwe cha bei gani, kina thamani ya kile kitakachofanyika baada ya jibu kutoka.

Dada wawili, mimba mbili

Tuseme wapo dada wawili Wabembe. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa na wazazi wao mpaka kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Maelfu ya wakimbizi wa Fizi walipitia njia hiyo. Kuanzia 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka. Wengine, miaka ya baadaye, walipelekwa kuanza maisha mapya Marekani. Dada mmoja alirudi, mwingine akapanda ndege.

Yule wa Marekani akishika mimba, karibu na wiki ya 10 ataulizwa kama anataka kipimo cha DNA ya mtoto. Tangu 2020 chama cha madaktari wa uzazi wa nchi hiyo kinapendekeza kila mjamzito aelezwe juu yake, awe na umri wowote. Kipimo hicho hakimtabirii kifafa. Lakini siku anayochomwa sindano hiyo, presha yake imekwisha kupimwa, historia yake imeandikwa, na kama ana vigezo vya hatari, ameandikiwa aspirini ya kiwango kidogo. Kilichomlinda hapo ni kule kufika wiki ya 10.

Dada yake wa Baraka, kama wanawake wengi wa ukanda huu, huenda akaificha mimba mpaka ijitangaze yenyewe. Huogopa macho ya watu, au ana shamba la muhogo la kumaliza, au kituo cha afya kiko mbali na kuna malipo ya kadi. Atakwenda CPN, kama kliniki ya wajawazito inavyoitwa huko, mwezi wa tano au wa sita. Kazi ya mishipa imekwisha kufungwa, vizuri au vibaya.

Na hata kama angetaka kupimwa DNA, itazame safari ya chupa ya damu yake. Ikitolewa kwenye chupa ya kawaida, chembe nyeupe za mama huanza kupasuka baada ya saa chache na kumwaga DNA yake mwenyewe, ikaizamisha ile kidogo ya kondo. Inabidi damu izungushwe kwenye mashine na plazima itengwe ndani ya saa sita hivi, kisha igandishwe, la sivyo itumike chupa maalumu yenye dawa ya kuzizuia chembe zisipasuke, ambayo hukaa siku kadhaa. Chupa hiyo ingesafiri kutoka Baraka kupitia Nundu, Lusenda na Mboko hadi Uvira, kwenye joto la bonde na vizuizi vya barabarani, kisha ipande kwenda Bukavu. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mstari wa vita ukawa kati ya Fizi na hospitali kubwa za mkoa, Panzi ikiwemo.

Huduma yenyewe ndani ya Fizi imekuwa ikienda mbele na kurudi nyuma. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walianza kazi Baraka mwaka 2003; mwishoni mwa 2020, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa, walisitisha sehemu kubwa ya misaada yao katika eneo hilo. Na idadi ya wanaotibiwa haikungoja: wakimbizi wa Burundi wapo Lusenda tangu 2015, na wakimbizi wa ndani hushuka kutoka milimani kila mapigano yakipamba moto.

Mashine zilifika Kamituga

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba DNA ni mambo ya Ulaya na Fizi ibaki na kipimo cha presha. Historia ya karibuni ya Kivu Kusini inakataa.

Katika eneo jirani la Mwenga, mji wa machimbo wa Kamituga, mpox ya aina mpya ilizuka mwaka 2023. Sampuli za vidonda zilisafirishwa, jeni za kirusi zikasomwa herufi kwa herufi na watafiti wa Kongo wakishirikiana na wenzao wa nje, na aina hiyo ikapewa jina lake, 1b. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Barabara ya Kamituga si bora kuliko ya Fizi, wala umeme wake. Mashine za GeneXpert, zinazotafuta DNA ya vimelea ndani ya kifurushi kidogo cha plastiki kwa muda usiozidi saa mbili, zimekwisha kusambazwa Kongo kwa ajili ya kifua kikuu.

Tofauti ya magonjwa haya mawili iko wazi. Mpox hupanda ndege. Kifafa cha mimba hakimwambukizi mtu. Kikimaliza kazi yake Misisi, hakuna uwanja wa ndege unaotetemeka London. Ndiyo maana kipimo cha kondo kinachoweza kufanya kazi kwenye kituo cha afya kisicho na friji hakijatengenezwa kwa haraka ileile. Wataalamu wa Kongo wana haki ya kukidai, na wanawake wa Kongo wana haki ya kuwemo katika tafiti zinazokijenga, kwa sababu namba zilizopimwa kwa wanawake wa Hong Kong au Boston hazipaswi kuchukuliwa kama zilivyo na kuwekwa kwa binti wa miaka 17 mwenye malaria. Malaria nayo hujificha ndani ya kondo, hasa mimba ya kwanza, na ukanda wa ziwa hauikosi mwaka mzima.

Yaliyopo leo, na siku yake

Wakati kipimo hicho kinangojwa, kuna mambo ambayo yamekwisha kuthibitishwa, na moja kati ya hayo lilithibitishwa Kongo yenyewe.

Kati ya 2016 na 2018, wanawake karibu 12,000 wenye mimba ya kwanza katika nchi sita, zikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Zambia, waligawanywa makundi mawili: moja likapewa aspirini ya miligramu 81 kila siku kuanzia kabla ya wiki ya 14, jingine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliozaa kabla ya siku walikuwa asilimia 11.6 upande wa aspirini na 13.1 upande wa pili. Kuzaa kabla ya wiki ya 34 kwa mwenye ugonjwa wa presha kulikuwa asilimia 0.1 dhidi ya 0.4. Kidonge hicho ni cha bei ya chini kuliko soda. Sharti lake ni tarehe: kinasaidia kikianzwa mapema, wakati seli za kondo bado zinaichimba mishipa. Na si dawa ya kujinunulia sokoni. Kuna wasiofaa kuimeza, na muuguzi ndiye wa kuamua.

La pili ni kalisi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito ambao chakula chao kina kalisi kidogo, na sahani ya ugali wa muhogo ni mfano wake. Mwaka 2024 majaribio mawili makubwa, moja Dar es Salaam na jingine Bangalore, India, kila moja na wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza, yalionyesha kwamba miligramu 500 hazikuzidiwa na 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu. Kidonge kimoja badala ya vitatu ni habari njema kwa bohari ya dawa ya zoni ya afya, ambako kila katoni husafiri kwa boti au kwa lori. Ndagala wa Tanganyika, wanaoliwa na mifupa yao, huongeza kalisi kwenye sahani, ingawa hawachukui nafasi ya kidonge.

La tatu ni kipimo cha presha. Kuanzia wiki ya 20, presha ya 140 kwa 90 ni kengele, na 160 kwa 110 ni moto umewaka. Chuo cha King's College London kilishiriki kuunda kifaa kiitwacho CRADLE, chenye taa ya kijani, ya njano na nyekundu, kinachochajiwa kwa chaja ya simu, ili hata mhudumu asiyezoea namba ajue afanye nini. Kilijaribiwa katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Kifaa cha namna hiyo kinafaa kwenye kituo kinachotegemea sola.

La nne ni magnesiamu salfeti, dawa ya wakati mambo yameharibika. Mwaka 2002 utafiti wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Namna inavyotolewa inastahili kujulikana na wengi zaidi ya waganga. Gramu 4 huingizwa polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 kwenye kila tako, sindano yenye maumivu ambayo huchanganywa na dawa ya ganzi. Baada ya hapo, gramu 5 kila baada ya saa nne mpaka zipite saa 24 tangu kuzaa au tangu kifafa cha mwisho. Kabla ya kila sindano muuguzi anagonga goti aone kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, anatazama mkojo. Pembeni huwekwa kalisi glukoneti, ya kumrudisha mama ikiwa dawa imemzidi.

Hapo kuna jambo la kukumbukwa na kila kituo cha Kimbi, Ubwari na milimani: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kituo kisichoweza kumaliza tiba kimpe mama dozi ile ya kwanza, ndipo kimpeleke hospitali. Gramu 14 zinazotolewa kabla mtumbwi haujasukumwa majini ndizo zinazoweza kumfikisha Baraka akiwa hai.

Safu moja ya daftari

Denis Mukwege, kabla dunia haijamjua na kabla ya Nobeli ya 2018, alikuwa daktari kijana katika hospitali ya Lemera, milima ya Uvira. Kilichomfanya aende Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake ni akina mama waliokuwa wakifikishwa hapo wamechelewa, wengine wakiwa wanavuja damu baada ya kuzalia nyumbani. Panzi nayo, iliyofunguliwa mwaka 1999, ilikusudiwa kwanza kwa uzazi salama; vita ndivyo vilivyoibadilisha. Kuchelewa ni ugonjwa wa zamani wa mkoa huu, na Fizi inaujua kwa jina.

Kwa mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Kongo ilipoteza akina mama 547 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Duniani, magonjwa ya presha ya mimba ni chanzo cha takriban vifo 16 katika kila vifo 100 vya uzazi, nyuma ya kuvuja damu. Ni vifo ambavyo hutoa onyo, na watafiti wa DNA wametuonyesha onyo hilo linaanza lini.

Kwa familia, maana yake ni kwamba kuumwa kichwa kusikoisha, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, si mambo ya kungojea siku ya soko. Ni ya kuondoka sasa. Hata baada ya kuzaa, kwa wiki sita za kwanza, hatari haijaisha. Kwa mume, mama mkwe na wifi, maana yake ni kwamba siri ya mimba inaweza kutunzwa kijijini na bado ikafunguliwa kwa muuguzi mwezi wa pili au wa tatu. Muuguzi si jirani.

Kwa wakuu wa zoni za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, na kwa wafadhili wanaopita Baraka na magari yao, kuna swali moja linalopima kazi yao vizuri kuliko idadi ya majengo. Lipo tayari kwenye daftari la CPN, katika safu panapoandikwa umri wa mimba siku mama alipofika mara ya kwanza. Shirika la Afya Duniani limesema tangu 2016 kwamba iwe kabla ya wiki ya 12. Hesabuni safu hiyo kila mwezi, itangazwe makanisani, misikitini na kwenye redio, kama kipindupindu kinavyotangazwa. Kituo ambacho nusu ya wanawake wake hufika kabla ya wiki ya 12, wakakuta kipimo cha presha kinafanya kazi na kopo la aspirini lina vidonge, kimejitayarisha hata kwa kipimo cha DNA siku kitakapofika. Kituo ambacho wanawake hufika mwezi wa saba, kiletee mashine yoyote unayotaka: itakusomea habari za jana.